Nani anapumzika zaidi: mvuvi wa usiku au mkewe anayeanika dagaa?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Nina miaka 36, mke mmoja na watoto watatu: wa kiume ana miaka 13, wa kike 11, na mdogo bado ananyonya. Naingia ziwani jioni, natoka alfajiri, nalala mpaka saa saba au saa nane mchana. Nikiamka nakaa kijiweni kidogo kabla ya kuingia tena. Mbalamwezi ikiwaka hatuvui, hapo ndipo napumzika vizuri na kuangalia mpira na wenzangu. Mke wangu ananunua dagaa mwaloni, anaanika na kuuza. Siku hizi ugomvi hauishi: anasema mimi napumzika, yeye hapumziki. Lakini mimi namwona kila mchana amekaa pale mchangani na wenzake wanapiga soga mpaka jioni. Na hela kubwa ya nyumba naleta mimi. Je, nani anapumzika zaidi? Na mwanaume afanye kazi zipi za nyumbani? Kambini visiwani tulikuwa tunapika wenyewe, lakini hapa nikishika mwiko watu watasema nimewekewa limbwata.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuuliza kaya za mwambao huu zinavyotumia saa zao, na swali kama lako huwa naulizwa na wake. Limenifurahisha zaidi kutoka kwa mume, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na usingizi wako, maana hapo una haki na naona hakuna anayekupa. Mtu anayeingia ziwani magharibi na kurudi mwaloni alfajiri amekesha akipiga kasia, akilinda taa, akivuta wavu uliolowa mara kadhaa, huku jicho moja likitazama wingu linalojikusanya. Usingizi wake wa mchana ni ule wa usiku, umehamishwa tu. Umoja wa Mataifa una mpangilio wa kugawa shughuli za saa 24, wa mwaka 2016, wenye makundi makuu tisa. Usingizi umewekwa pamoja na kula na kuoga, yaani mambo ya kuuhudumia mwili. Burudani na mapumziko yana kundi lake mbali kabisa. Mkeo akizihesabu saa zako za kulala kuwa ni starehe, anakosea, na unaweza kumwambia hivyo kwa upole. Majirani wanaosema "analala kutwa" nao wanakosea.

Sasa twende mchangani.

Asubuhi mkeo anagombea dagaa na wachuuzi wengine mitumbwi ikifika. Akishapata, anawamwaga juu ya mchanga au juu ya nyavu kuukuu, anawasambaza wasilaliane, maana dagaa waliolaliana huvunda kabla hawajakauka. Hapo ndipo anaketi. Ukimtazama kwa mbali unaona mwanamke kivulini, miguu kainyoosha, anacheka na wenzake. Msogelee. Mtoto yuko kifuani ananyonya. Kunguru wametua upande wa pili, ananyanyuka na mtoto kiunoni, anawafukuza, anarudi. Mbuzi wa mtu anakatiza, ananyanyuka tena. Jua likipanda anawageuza. Wingu likitokea upande wa ziwani, soga inakatika neno likiwa mdomoni na wote wanakimbilia maturubai, kwa sababu dagaa walionyeshewa wataishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Katikati ya hayo anachambua mboga ya jioni, na kichwani anajua unga umebaki kiasi gani na watoto wanatoka shule saa ngapi.

Anaongea, ndiyo. Anacheka, na mimi nafurahi kwamba anacheka. Lakini yuko kazini.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mtu huyu anaweza kunyanyuka akaondoka sasa hivi bila kumkabidhi mtu chochote? Wewe kijiweni unaweza. Umeketi kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi, mnabishana kuhusu Simba na Yanga. Simu ikiita unaaga, unaondoka, kijiwe kinaendelea. Mkeo akitaka kuondoka pale mchangani, kwanza atafute wa kulinda dagaa, kisha wa kumshika mtoto, kisha amweleze huyo mtu uji uko wapi. Na akienda atakwenda mbio. Kukaa kwa namna hiyo sikuhesabu kuwa ni mapumziko kamili, hata kama mtu amekaa kweli.

Jambo hili limepimwa kwingine. Mwaka 2000 watafiti Michael Bittman na Judy Wajcman walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi kadhaa zilizoendelea, ikiwemo Australia. Walikuta wanaume na wanawake wa huko wana saa za mapumziko zinazokaribiana kwa wingi. Tofauti ilikuwa kwenye hali ya saa hizo: za wanawake zilikatikakatika vipande vifupi na kuchanganyika na watoto na kazi nyingine, za wanaume ziliendelea bila kuingiliwa. Ugomvi wenu uko hapo hapo. Wewe unahesabu muda aliokaa, yeye anahesabu mara alizonyanyuka.

Tukija kwenye saa zenyewe, Shirika la Kazi Duniani lilikusanya takwimu za nchi nyingi na kuzitoa mwaka 2018. Kwa wastani mwanamke alikuwa akitumia saa 4 na dakika 25 kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, mwanamume saa 1 na dakika 23. Pengine utasema wanaume wanafidia kwa kazi za kulipwa. Wanafidia, ila hawafiki. Kazi za kulipwa na zisizolipwa zikijumlishwa, siku ya mwanamke ilikuwa ya saa 7 na dakika 28, ya mwanamume saa 6 na dakika 44. Dakika 44 zinaonekana chache mpaka uzijumlishe kwa wiki: ni zaidi ya saa tano, karibu mechi tatu za mpira. Hapa kwetu Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeingiza maswali ya matumizi ya muda ndani ya utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006, wa 2014 na wa 2020/21, na hali inaelekea huko huko.

Kuna kitu kinachoniuma katika hesabu hizi. Kipimo rasmi cha kazi za nyumbani kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu kinahesabu kupika, usafi, kufua, malezi na mambo ya namna hiyo. Kuchota maji na kutafuta kuni kumepangwa kwenye kundi jingine, la kuzalisha vitu vya matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo dumu la maji linalopanda kutoka ziwani mpaka mlangoni kwako halimo kwenye kipimo hicho, wala ndoo inayopandishwa kwenye mawe ya Igogo au Mabatini, mitaa ya mlimani pale Mwanza mjini. Kwa mwanamke wa kandokando ya ziwa, hiyo ni sehemu nene ya siku.

Kuhusu hela kubwa kuletwa na wewe, nikukumbushe mambo mawili. La kwanza, mkeo naye analeta hela. Dagaa anaouza ndio daftari, ndio sabuni, ndio chumvi. Ana kazi ya kuingiza kipato kama wewe, halafu ana ya nyumbani. La pili, sheria ya nchi yetu ilishaliangalia jambo hili siku nyingi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na kusema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu zilizohusu fedha alizokuwa amepewa na mumewe, lakini kanuni ilisimama na mahakama zetu zinaitumia mpaka leo. Sikutajii kesi hii ili kukutisha na talaka. Nataka ujue kwamba unapoingia ziwani usiku na kuacha watoto wamekula, wamelala, wana wa kuwaangalia, kuna mtu anafanya kazi inayokuwezesha kuvua.

Sasa mbalamwezi. Hukusema hivyo, lakini naamini moto unawakia hapo. Mwezi ukiwa mkubwa taa zenu hazina nguvu ya kuwavuta dagaa, kwa hiyo kwa siku kadhaa kila mwezi mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, na wanaume wanajinyoosha. Biashara ya mkeo nayo inasimama, maana hakuna cha kuanika. Mtu angetegemea wote wawili mpumzike. Lakini ugali haufuati mwezi, wala mtoto. Kazi yake ya nyumbani inaongezeka siku hizo: wewe unashinda nyumbani, unakula mchana nyumbani, na kwa kuwa mfuko umepungua hawezi kununua maandazi ya asubuhi wala kumlipa kijana wa mkokoteni alete maji. Anapika mwenyewe, anachota mwenyewe. Halafu jioni anakuona unakwenda kibanda umiza kuangalia mpira. Wewe umesubiri siku hizo mwezi mzima na unazistahili. Yeye anaziona zikipita mbele yake na hana hata moja.

Ndiyo maana nikiulizwa mwanaume afanye kazi zipi, nauliza kwanza: ni zipi zinazoweza kusubiri? Kazi ambazo kwa mazoea tumewapa wanaume nyumbani karibu zote zinasubiri. Paa likivuja utaziba Jumamosi. Uzio ukianguka utausimamisha kesho. Kuni za magogo unazipasua mara moja kwa wiki. Kazi tulizowapa wanawake hazisubiri hata saa moja: mtoto akilia ni sasa, chakula ni sasa, vyombo vya asubuhi ndivyo vitakavyotumika mchana. Ukitaka kumpunguzia mkeo mzigo kwa kuchukua kazi ya aina ya kwanza, utatoka jasho kweli na yeye hataona tofauti. Chukua moja ya zile zisizosubiri.

Mimi ningekuanzishia na maji. Ukiamka saa nane, kabla ya kijiwe, funga madumu kwenye baiskeli na ujaze kila chombo cha nyumba kwa ajili ya jioni na asubuhi inayofuata. Ichukue kazi hiyo na kichwa chake: ujue wewe mwenyewe maji yamebaki kiasi gani, kesho kuna nguo za kufua au hakuna, dumu gani linavuja. Ukingoja akuambie "baba fulani, maji yameisha," utakuwa umechukua miguu ya kazi na kumwachia kichwa, na kichwa ndicho kinachomchosha hata akiwa ameketi. Mtoto mdogo naye awe wako kuanzia uamke mpaka uondoke. Mbebe uende naye kijiweni. Wenzako watamzoea kwa siku chache. Muda huo ndio mkeo anaohitaji kuwakusanya dagaa na kuwafunga bila mtoto mgongoni.

Mbalamwezi ikija, pika. Umesema mwenyewe kambini mlikuwa mnapika, kwa hiyo mkono unajua. Shika mlo mmoja kwa siku, mchana au jioni, kuanzia kuwasha mkaa mpaka kuosha sufuria. Mpira bado utauwahi.

Limbwata silichukulii kama mzaha, kwa sababu maneno ya watu yanauma na wewe unaishi na watu hao hao. Lakini tazama mjini. Maji ya mkokoteni yanasukumwa na vijana wa kiume. Chipsi za barabarani zinakaangwa na vijana wa kiume, wamevaa aproni mbele za watu wote. Kuna madobi wanaume, na kwenye sherehe kubwa utamkuta mwanaume ndiye amesimama kwenye sufuria la pilau. Hakuna anayesema hao wamelishwa kitu, kwa sababu wanalipwa. Kinachowashangaza watu ni mwanaume kufanya kazi hiyo hiyo bure kwa ajili ya mke wake, na sioni kwa nini wanao wapate malezi hafifu kuliko wateja wa chipsi. Maji kwa baiskeli hayatamshangaza mtu, ndiyo maana nimeanza nayo. Mwiko utasemwa wiki ya kwanza, kisha watu watapata habari nyingine. Anayeendelea kusema, mwache aseme.

Naomba usilimalize jambo hili kwa kumtwisha binti. Nimeona hivyo katika nyumba nyingi: mama anazidiwa, baba hataki, basi mtoto wa kike wa miaka 11 anakuwa mama wa pili na watu wazima wanaona nyumba imetulia. Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2016 kwamba wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani wanatumia asilimia 40 zaidi ya muda kwenye kazi za nyumbani kuliko wavulana wa umri wao, na pengo linakua kadiri wanavyokua. Hukuniambia nani anaosha vyombo kwako jioni, lakini kama ni yule wa 11 huku wa 13 yuko uwanjani, badilisha leo. Mvulana wa miaka 13 ana nguvu za kuosha, kufagia na kumwogesha mdogo wake. Akikuona baba yake, mvuvi, unabeba mtoto na kuteka maji, hutahitaji kumhubiria. Wapangie zamu, siku yake na siku ya dada yake, na usimamie wewe. Mama akisimamia, zamu itamrudia dada.

Kuna kitu kingine kilicho ndani ya ufundi wako, na nashangaa wavuvi wengi hawakifanyi: mjengee mkeo chanja. Nguzo, fito na wavu mkuukuu uliokwisha kutoboka, kimo cha kiuno. Dagaa wa juu ya chanja wanapigwa na upepo juu na chini, wanakauka upesi kuliko wa mchangani, hawaingii mchanga, kuku na mbuzi hawawafikii kirahisi, na wanunuzi huwapenda zaidi kwa usafi wao. Kwa mkeo maana yake ni kunyanyuka mara chache, kuinama kidogo, na kumaliza mapema. Una siku za mbalamwezi, una nyavu chakavu, una mikono inayojua kufunga fundo. Na wakati wa giza zuri, mkipata, mtungi wa gesi utangulie kabla ya televisheni. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ninyi msingoje 2034: kila asubuhi isiyo na kupuliza mkaa ni muda uliorudi nyumbani kwako.

Kabla ya haya yote, kaeni wawili mfanye hesabu. Chukueni daftari la mtoto, kila mmoja ukurasa wake, mgawe siku kwa nusu saa. Mbele ya kila nusu saa andikeni mambo matatu: nafanya nini, kuna kingine nafanya wakati huo huo, na je, ningeweza kuondoka? Jazeni siku chache za giza na siku chache za mbalamwezi. Msisomeane mpaka mmalize. Huwa naona waume wakishangazwa na ile sehemu ya pili, na wake wakishangazwa na saa za usiku za mume, ambazo hawajawahi kuziona kwa kuwa wao wamelala.

Mkishaona pengo, muulize mkeo angependa kufanya nini akipata muda wa saa mbili wa kwake mwenyewe, na usimchagulie. Wewe una mahali pa kupumzikia: kijiwe, kibanda cha mpira, benchi la bao. Yeye ana wapi? Kikoba kina makusanyo na ajenda. Msibani na harusini anakwenda kupika. Hata kanisani anakwenda na mtoto. Mwanamke wa hapa akitaka kutoka tu, bila sababu, ataulizwa anakwenda wapi. Kama anapenda kwaya, aende mazoezini na mtoto abaki nawe. Kama anataka kusukwa, akasukwe taratibu bila kukimbizana na jua. Wengi ninaowauliza hunijibu kwamba wangelala. Akisema hivyo, alale, na wewe ndiye uwanyamazishe watoto.

Nawe umwombe hilo hilo kwa upande wako: asubuhi ukirudi ziwani redio izimwe, watoto wacheze nyuma ya nyumba, na wageni waambiwe waje baada ya saa nane. Mvuvi aliyekatishwa usingizi mchana anasinzia ndani ya mtumbwi usiku, na ziwa letu linajulikana kwa dhoruba zake za ghafla.